Kamba, mbwa na maji: anachokumbuka aliyetoka ICU

Mgonjwa aliyekaa siku tisa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi hakumbuki jina la daktari wala siku aliyotolewa mrija kooni. Anakumbuka kamba. Kuna watu walikuwa wanamfunga kamba mkononi, wanaikaza hadi vidole vinakufa ganzi, wanailegeza, halafu baada ya muda wanarudi. Kamba yenyewe ni kitambaa cha presha, ambacho kwa mgonjwa ambaye hali yake inayumba huwekwa kijipime kila dakika 15. Kwa saa 24 ni mara 96. Nesi ameshazoea, hata hakisikii kikijaa upepo. Mgonjwa aliye nusu usingizini, asiyejua yuko wapi, anakitafutia maana, na anayoipata kwa kawaida ni mbaya.

Chuoni wauguzi tulifundishwa mapafu, figo na moyo kwa kina. Habari za kamba, za mbwa wanaokoroma nyuma ya pazia, za nesi anayetaka kumuua mtu kwa sindano, tulizipata kliniki, hapa Dodoma, kutoka kwa watu waliokwisha pona. Wengi walikuwa hawajamsimulia hata mwenza wao wa ndoa, kwa kuogopa kuambiwa wamerukwa na akili.

Kitaalamu hali hiyo inaitwa deliriamu. Kwa ndugu tunasema mgonjwa anaweweseka, na neno hilo ni heri kuliko "amechanganyikiwa", ambalo mtu akilisikia anaelewa kichaa. Ni ubongo kushindwa kazi kwa ghafla, kama figo zinavyoshindwa. Sababu huwa zinapandana: maambukizi kwenye damu, oksijeni kushuka, sukari kushuka, chumvi za damu kuvurugika, maumivu yasiyotibiwa, usiku tatu bila usingizi, mkojo uliozuiwa na kateta (mpira wa mkojo) iliyoziba, na dawa tunazotoa wenyewe, hasa zile za usingizi, midazolam na diazepam. Mnywaji wa kila siku aliyelazwa ghafla ana kesi yake: pombe ikikatika, siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho na kuona wadudu ukutani. Huyo diazepam ndiyo tiba yake, kwa hiyo swali la pombe liulizwe siku ya kwanza, tena aulizwe anayeishi naye, asiulizwe kaka aliyekuja kutoka Dar.

Madhara hayaishii kitandani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa mahututi 821. Asilimia 74 waliweweseka wakiwa hospitali. Baada ya mwaka mzima, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na uwezo wa kufikiri unaofanana na wa mtu mwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wa hatua za mwanzo, na waliokuwa vijana hawakusalimika. Aliyeweweseka siku nyingi ndiye aliyeumia zaidi. Kwa hiyo kila siku moja ya kuweweseka inayopunguzwa ina thamani.

Anayevuta mipira na kutaka kushuka kitandani hugunduliwa na kila mtu. Anayetuponyoka ni yule mtulivu. Amelala chali, macho wazi, hasumbui, kwenye ripoti ya zamu anaandikwa "hana tatizo". Wa namna hii ni wengi kuliko wakorofi, na wanagundulika kwa kupimwa tu. Kipimo kinachukua dakika mbili. Shika mkono wake, mwambie: "Nitataja herufi, ukisikia A finya mkono wangu." Taja herufi kumi kwa sauti ya kawaida, moja kila sekunde tatu hivi, nne kati yake zikiwa A. Akikosa zaidi ya mara mbili, iwe ni kutofinya penye A au kufinya pasipo A, umakini wake umeharibika. Kwa asiyejua kusoma tumia namba, afinye asikiapo "moja". Kisha maswali ya ndiyo na hapana anayojibu kwa kichwa: jiwe linaelea juu ya maji? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo inapigilia msumari? Lipo na swali la samaki baharini, lakini kwa bibi wa Chemba ambaye hajawahi kuona bahari sisi husema bwawani, maana samaki wa Mtera anawajua. Kinachotakiwa ni swali ambalo jibu lake halina ubishi. Mgonjwa ambaye haamki hata kwa kuitwa hapimwi. Subiri dawa ya usingizi ipungue urudi baadaye. Na upime kila zamu, kwa sababu kuweweseka huja na kuondoka: asubuhi mbele ya madaktari yuko sawa, saa tano usiku anaongea na marehemu babu yake.

Kosa la kawaida ni kumfunga bandeji mikono kwenye reli za kitanda. Linaeleweka, nesi mmoja ana wagonjwa watatu na mrija ukichomoka ni hatari ya kifo. Lakini aliyefungwa hupambana zaidi, na baadaye ndiye anayesimulia kutekwa. Kabla ya bandeji pitia haya: ana maumivu? Kateta imeziba? Mrija unamvuta mdomo upande mmoja? Ana kiu? Kiu ya mtu mwenye mrija ni mateso ambayo hawezi kuyasema. Pamba iliyoloweshwa maji safi kwenye midomo na ulimi kila saa mbili imewatuliza watu waliokuwa wanakaribia kuongezewa dawa. Kama lazima afungwe, iandikwe sababu, na afunguliwe kila ndugu anapokaa naye.

Halafu yako mambo madogo yasiyohitaji bajeti. Miwani yake iletwe. Meno ya bandia yaletwe mrija ukishatoka. Mwambie yuko wapi, siku gani, nini kimetokea, kwa sentensi tatu, hata kama umemwambia saa moja iliyopita. Mtajie saa kwa Kiswahili. Chati yetu ina 14:00, yeye anaishi kwenye saa nane mchana. Daktari mgeni akiuliza ni saa ngapi na mkalimani akatafsiri neno kwa neno, mgonjwa mwenye akili timamu anaandikwa amepotea. Adhana ya alfajiri na kengele ya kanisa ni saa pia, asubuhi fungua dirisha zisikike. Lugha nayo: mzee wa Bahi au Mvumi aliyesema Kiswahili fasaha miaka arobaini anaweza kuzinduka akiwa na Kigogo peke yake. Tumeona mtu aliyedhaniwa hasikii akigeuza kichwa kwa salamu ya "mbukwenyi" ya mhudumu wa usafi. Wa Kondoa vivyo hivyo kwa Kirangi. Orodha ya nani kwenye zamu anajua lugha gani ibandikwe ukutani.

Usiku ndipo tunapoharibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za usiku kwenye vyumba vya wagonjwa zisizidi desibeli 30. Wodi ya mahututi hupita 50 bila mtu kupandisha sauti. Kuanzia saa nne usiku taa kubwa zizimwe ibaki ya mezani, simu za wafanyakazi ziwe kimya, na kugeuza, kupima sukari na kunyonya makohozi vifanywe kwa mkupuo mmoja, apate walau saa mbili mfululizo za kuachwa. Kuogesha wagonjwa saa tisa usiku ili zamu ya asubuhi ikute wodi safi ni desturi ambayo tungependa ife.

Nje ya mlango kuna benchi. Hapo wanakaa watu wa Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Manyoni, wengine wameshuka stendi ya Nanenane alfajiri na mfuko mmoja wa nguo. Hawalali, hawali, wanakatazwa kuingia, na kila mlango ukifunguliwa wanasimama. Wanaouguza nao wanaugua: hofu, kukosa usingizi, kushtuka kwa simu, miezi mingi baada ya mgonjwa kupona au kuzikwa. Hawana faili wala kitanda, kwa hiyo hakuna anayewaandika.

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, usimwache ndugu apite peke yake mara ya kwanza. Dakika tatu mlangoni zinatosha. Muulize kwanza kama amekula, kwa sababu wanaoanguka kando ya kitanda ni wale waliokesha na chai ya rangi, na kiti kiwepo. Mweleze atakachokiona kabla hajakiona: "Mama, utamkuta amevimba uso, ni maji ya dripu, yatapungua. Ana mrija mdomoni, kwa hiyo hawezi kukujibu, lakini mwongeleshe. Mashine italia, ikilia mimi nipo hapa." Aoshe mikono. Kisha mpeleke mwenyewe, mshikishe mkono usio na dripu. Asipoelekezwa pa kushika atasimama hatua mbili kutoka kitandani, mikono nyuma, kama anayetazama maiti, na hivyo ndivyo atakavyomkumbuka.

Jina ni muhimu. Anayeitwa Mama Rehema mtaani hageuki ukimwita kwa jina la kwenye kadi, basi waulize nyumbani anaitwaje. Ndugu wengi hawajui la kumwambia mtu aliyelala, waelekeze: mvua imenyesha, mtama umeota, mbuzi wote wapo, mtoto kamaliza mtihani. Habari za deni, kiwanja, pikipiki iliyoshikiliwa polisi na misiba zibaki nje. Kulia ruksa. Kuomboleza kwa sauti hapana, maana mgonjwa anajua kilio hicho huliliwa nani.

Dua na maombi tuyape nafasi na mipaka ya wazi. Mafuta ya upako yapakwe mguuni, yasipakwe usoni karibu na oksijeni. Maji ya zamzam au ya baraka hayamwagwi mdomoni kwa mwenye mrija, yataingia mapafuni; kiganja kinatosha. Wakisema amerogwa, usibishane habari za kurogwa. Sema kwamba homa kali na dawa hufanya mtu aone visivyokuwepo, na kwamba hali hii tunaipima kila zamu. Dawa za kienyeji uliza kwa utulivu, kwa sababu anayekaripiwa huzificha kwenye chupa ya uji wa kulishia kwa mrija wa puani, na hapo utashangaa ini linaharibikaje.

Sasa maneno. Tumejifunza kwamba tunachosema na kinachofika benchini ni vitu viwili. "Hali yake imetulia" inafika kama "amepona", jioni nyumbani wanachinja kuku, kesho anakufa, na familia inaamini kuna aliyekosea usiku. Sema: "Bado ni mgonjwa sana. Tangu jana hajazidi kuwa mbaya." "Tumemlaza" ni neno la hatari, kwa wengine ni kifo, sema tumempa dawa ya usingizi ili avumilie mrija, na tutaipunguza asubuhi. "Mashine inampumulia" inazaa wazo kwamba mtu amekwisha na hospitali inatafuta pesa. Fafanua kwamba mashine inasukuma hewa wakati mapafu yanatibiwa, na utaje kazi ambayo mwili wake bado unafanya wenyewe. "Kutoboa koo" huzaa "hapana" ya papo hapo. Eleza kwanza kwamba mrija wa mdomoni unaumiza na hauwezi kukaa wiki nyingi, kwamba wa shingoni utamruhusu kuamka, na kwamba kwa wengi tundu huziba mrija ukitolewa. "Hamsini kwa hamsini" tuliache kabisa, kila upande unasikia hamsini anayoitaka. Ukimaliza, mwombe mmoja akueleze atakavyowaambia wa nyumbani. Hapo ndipo utajua umesema nini.

Kikao cha familia kinahitaji viti na mlango unaofungwa, hata kama ni stoo ya vifaa. Mambo ya kufa na kupona hayasemwi kwenye korido. Nesi anayemhudumia mgonjwa akae na daktari, asiitwe baadaye kufuta machozi. Anza kwa kuuliza wameelewa nini mpaka sasa, kisha nyamaza. Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, familia 126 za wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa ziligawanywa: nusu zilipata kikao cha kawaida, nusu kikao ambacho wataalamu walifundishwa kusikiliza, kutambua hisia na kuuliza mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani, pamoja na kijitabu cha msiba. Kikao kilirefuka kutoka dakika 20 hadi 30 tu, lakini muda wa ndugu kuongea ulipanda kutoka dakika 5 hadi 14. Siku ya 90 baada ya msiba, wenye dalili za mshtuko wa kisaikolojia walikuwa asilimia 45 dhidi ya 69. Ukweli kuhusu ugonjwa ulikuwa uleule kwa makundi yote. Dakika kumi zinapatikana hata hapa.

Msemaji mmoja wa familia ni utaratibu mzuri wenye shimo katikati. Huwa ni shemeji mwenye gari na elimu, anayekuja saa kumi jioni na kuondoka. Mke aliyekaa benchini tangu asubuhi anaambiwa "utaelezwa na shemeji", na shemeji kwa huruma anamficha mabaya. Tunachofanya ni kumpa msemaji taarifa kamili, kisha kumwambia aliye benchini sentensi mbili kila zamu, hata kama ni "hakuna jipya, ameoga, mkojo unatoka". Simu za picha zizuiwe mapema na kwa kueleza sababu: picha ya baba akiwa na mipira ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo haitoki, na atakuja kuiona mwenyewe. Afisa ustawi wa jamii aitwe siku ya pili, asingojewe siku ya bili. Hofu ya gharama inawafanya watu waombe mgonjwa atolewe mapema huku wakisema ni matakwa ya wazee.

Kwa anayekufa, waingizwe wawili watatu hata kama saa si yake, Mwislamu asomewe shahada sikioni, Mkatoliki aitiwe padri angali hai. Desturi ya kumwambia mjomba au baba mdogo kwanza tunaiheshimu. Lakini mama asiachwe ajue kwa kusikia mayowe ya korido. Mjomba na mama wakae chumba kimoja, na neno litumike lenyewe, "amefariki", kwa sababu "tumempoteza" kuna wanaoanza kumtafuta.

Anayepona ana mtihani mwingine siku ya kuhamishwa wodi ya kawaida. Alizoea nesi hatua tatu kutoka kitandani na monita inayolia. Sasa nesi mmoja ana wodi nzima na hakuna kinacholia. Wengi hawalali usiku huo, ndugu wanahisi wametupwa. Waambiwe siku moja kabla, monita iondolewe saa chache akiwa bado kwetu, na nesi wetu aende kumtazama kesho yake. Ni ziara ya dakika tano, na wenzetu wa wodini hawaifurahii kila mara.

Nyumbani hali hujificha kwenye mambo ya kawaida. Dereva bodaboda anasema hataki tena barabara ya Singida, watu wanadhani ni mvivu. Mwalimu anasahau majina ya darasa lake. Mguu hauna nguvu kwa sababu misuli huyeyuka haraka kitandani, na anaaibika kushikwa mkono kwenda chooni. Mtoto mdogo anaogopa kovu la shingo. Mke ambaye sasa ni muuguzi na mtafutaji haulizwi na mtu. Kwenye kliniki ya wiki ya pili na ya mwezi wa tatu, baada ya kidonda na presha, tunauliza: unalala? Kuna ndoto inayojirudia? Kuna mahali au sauti unayoikwepa? Kisha tunamgeukia aliyemsindikiza: na wewe je? Hapo Dodoma ina ugumu wake, maana hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko hapahapa, na jina hilo nchi nzima ni utani wa vichaa. Mwambie mtu aende Mirembe, hatarudi hata kwako. Eleza kwanza, mpe mshauri wa hospitali mnapoonana, rufaa ifuate akishazoea.

Kitu kimoja cha bei ya chini kimetusaidia kuliko tulivyotarajia: daftari. Wazo lilitoka nchi za Skandinavia, na utafiti wa hospitali 12 za Ulaya wa mwaka 2010 ulionyesha msongo mkali baada ya kiwewe ulipata asilimia 5 ya waliopewa daftari dhidi ya 13 ya wasiopewa mapema. Ni kaunta buku ya kawaida inayokaa kichwani pa kitanda. Nesi anaandika sentensi tatu kwa zamu, kwa lugha ya nyumbani: "Jumanne. Leo ulifungua macho dada yako alipokuita. Tulikutoa makohozi mara nne, hukupenda." Ndugu wanaandika vyao, asiyeandika anarekodi kwenye simu. Matokeo ya vipimo, VVU na mambo ya siri hayaandikwi, daftari linasomwa na ukoo mzima. Lisikabidhiwe siku ya kuruhusiwa kama karatasi nyingine. Lihifadhiwe, aulizwe mwezi wa tatu kama yuko tayari, na asome akiwa na mtu.

Wapo wanaoomba kuona kitanda. Tunachagua saa tulivu, kitanda kitupu, tunamkalisha. Tunawasha mashine ya kunyonya makohozi na kuitumbukiza kwenye bakuli la maji, inakoroma: ndio mbwa wake. Tunamwonyesha chupa ya kuloweshea oksijeni inavyobubujika, yale maji aliyodhani yanajaa chumbani. Tunamfunga kitambaa cha presha na kubonyeza kitufe, naye anakitazama kikijaa hadi mwisho. Mara nyingi kikilegea anaomba tukiwashe tena.